Jibu Katika Toleo Lijalo

Jarida lilizaliwa na upungufu wa vitunda vyeusi.
Mwaka wa hamsini na saba, uchochoroni Tbilisi,
mpanga herufi Akvsenti alimwaga sanduku lake mezani:
wafalme wawili, ngome za kutosha, farasi mmoja kilema,
vitunda vyeusi sita.
Basi toleo la kwanza la Mkhedari,
maana yake mpanda farasi,
halikuwa na mchoro ambao mweusi alibaki na zaidi ya sita.
Wasomaji walidhani ni mtindo wa mhariri.

Mhariri alikuwa Platoni, mwalimu wa hesabu,
mtu wa maneno machache na deni refu la mkate.
Alitaka Kigeorgia kiwe na jina la kila hila ya ubaoni,
kisiazime hata moja.
Usiku kucha alitafuta neno la ile hali
ambapo kila kete utakayogusa itakuumiza, na zamu ni yako.
Alipolipata alimwamsha mkewe.
Mkewe akageukia ukutani: Hilo tunalo siku zote.
Jikoni tunaliita tarehe ishirini na nane.

Mkaguzi wa serikali akaja na kalamu nyekundu.
f3, g5, e4, ni siri gani hizi, mnampelekea nani?
Walimketisha saa tatu, wakamfundisha.
Tangu hapo alikuja kila Alhamisi, akafungwa kila Alhamisi,
wala hakufuta tena kitu
isipokuwa michezo aliyoshindwa yeye.

Toleo la arubaini na moja liliiweka ngome mraba mmoja kando.
Mchunga kondoo wa Svaneti, Bimurza, akaandika.
Tukaomba radhi ukurasa wa mwisho.
Akaandika tena: Radhi nimeipokea, ngome bado haijarudi.
Miaka kumi na mmoja, kila theluji ikiyeyuka na njia kufunguka,
barua ileile.
Mwaka iliochelewa, Akvsenti alikataa kula mchana.

Mimi niliingia kwa mlango wa mahari.
Kwetu binti huolewa na ubao wa sataranji sandukuni,
kati ya shuka na vijiko. Wangu niliubeba hadi ofisini,
nikaacha shuka.
Miaka kumi na tisa, penseli sikioni,
nikimsahihisha Platoni nukta zake, naye akinuna.

Kisha nchi ikapata uhuru na ikakosa umeme.
Karatasi ya kaskazini haikuja. Platoni alikuwa kaburini,
Akvsenti haoni tena herufi zake, anazipapasa.
Toleo la baridi ile tulilipiga chapa
migongoni mwa lebo za maji ya chupa.
Gundi iliamka kwa unyevu, kurasa zikashikana;
msomaji alizibandua kwa mvuke wa birika,
kama ana birika, kama ana moto.
Nakala mia mbili na kumi.
Ukurasa wa nane, fumbo la mzee Varlami:
Nyeupe icheze, ishinde kwa hatua nne.
Chini yake, mwandiko wangu: Jibu katika toleo lijalo.

Lijalo!
Varlami alifariki Februari.
Jibu lilikuwa kwenye droo, na droo
(nitasema, nani wa kunifunga sasa?)
niliichoma Machi, mbao na makaratasi yake,
nichemshe maharage.
Hayakuiva.

Barua bado zinakuja. Mjukuu wa Bimurza anaandika
kwa hasira ya babu yake, neno kwa neno.
Wengine wanatuma jibu; wote wamekosea, nami najua kwa nini,
kwa kuwa nimekosea hivyohivyo.
Nimeanza na farasi. Nimeanza na ngome.
Nimemtoa malkia kafara hatua ya kwanza, mkono ukitetemeka,
na kila mara mfalme mweusi anapata kimraba kimoja,
anapumua.

Jana nilileta taa karibu na lebo ile.
Nikahesabu vitunda vyeusi kwa ncha ya penseli.
Sita.
Nikahesabu tena.